Kwa Nini Pale Shari Wananiita Muzee Pumba

Ninajua wengi wenu mmekwisha kuisikia habari hii kwa midomo ya wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna mmoja anasema nilikutwa uchi, ni uongo, nilikuwa nimevaa suruali, na suruali yenyewe ndiyo iliyoniumbua), basi leo acheni niiseme mwenyewe, mimi Baba Deo, mzee mwenye mvi, niliyemaliza sekondari kwa mapadri, niliyetunza depo ya watu bila gunia kupotea, na ambaye mchana wa Jumapili, mbele ya avenue nzima, yaani majirani wa barabara yetu, mbele ya askari na mbele ya mke wangu, nilitolewa ndani ya pipa la unga la mjane, miguu ikitangulia. Aibu ni yangu. Sitamgawia mtu hata kipande.

Ilikuwa miaka ile ya amani isiyoaminika. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, watu wa pande zote mbili walikuwa wamerudi kwenye avenue yetu ya mtaa wa Shari, asubuhi tulisalimiana kwa mikono miwili, kanisani tulikaa benchi moja, lakini kila nyumba ilikuwa na furushi limefungwa nyuma ya mlango, nguo, sufuria ndogo, karatasi za watoto za ubatizo na za shule, na hata godoro halikuwa limetandikwa kwa namna ya kulaliwa, lilikuwa limewekwa kwa namna ya kubebwa. Mgeni akiingia kwa jirani, ungemwona mtu anafagia ua uliokwisha kufagiwa, ili tu ajue mgeni ni nani na amebeba nini. Na tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeitangaza: ukimwona mtu usiyemfahamu ndani ya ua, piga sufuria. Atakayesikia naye apige yake, hata kama hajui kuna nini, na yule wa mbele yake vilevile, mpaka mlio ufike kwa wanaume wenye fimbo na kwa askari wa posti iliyokuwa pale kwenye kona. Zikumbukeni sufuria hizo.

Mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha kuacha kazi. Nilikuwa magazinia, yaani mtunza depo wa mfanyabiashara mmoja wa hapa Bunia, unga, sukari, chumvi, sabuni, na mtu akikaa depo muda mrefu anashikwa na ugonjwa mmoja: havioni tena vitu vilivyopo, anaona vinavyopungua. Basi barabara ya Kasenyi ilipoanza tena kufungwa na kufunguliwa kama mlango wenye upepo, makayabo, wale samaki wa chumvi, ikapanda bei, mafuta ya mawese yakapanda, unga ukapanda, na mtoto wetu Deo, aliyekuwa akitusaidia kutoka mbali, akawa kimya, nikamwita mke wangu nikamwambia, "Mama Deo, kuanzia leo nyumba hii itaendeshwa kama depo."

"Depo gani?" akauliza. "Ile yenye ilifunga?"

Nilikuwa na mipango yangu, na lazima niseme (kwa sababu watu wanapenda kusahau upande huu) kwamba mipango mingine ilikuwa mizuri. Vumbi la makala, yaani mkaa, tulilokuwa tukilitupa niliagiza likorogwe na udongo wa mfinyanzi, likafanywa madonge, likaanikwa juani, na madonge yale yaliivisha maharage taratibu wakati makala yenyewe yamepumzika kwenye gunia. Maharage tuliyaloweka tangu jana yake. Sufuria ikishachemka tuliiondoa motoni, tukaivika majani ya ndizi na blanketi la zamani ndani ya kikapu, ikajimalizia kuiva yenyewe kama kuku anayeatamia. Sabuni niliikata vipande, nikavikausha juu ya bati, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Moto sikupanda tena (ninasema moto, yaani pikipiki, siyo moto wa jikoni), nilikwenda sokoni kwa miguu. Suruali yangu ilipotoboka nyuma sikununua nyingine, Mama Deo akaitia kiraka cha kitenge chekundu chenye majogoo, maana ndicho kitambaa alichokuwa nacho. Miwani yangu ilipopoteza skrubu niliifunga kwa uzi. Mambo hayo yote sijayajutia, isipokuwa uzi wa miwani, nao mtausikia.

Ninachojuta ni pumba.

Kulikuwa na mtu mmoja upande wa chini, mfuga nguruwe, aliyekuwa akiuza pumba za mahindi, yale maganda yanayobaki mashinani baada ya kusaga, kwa bei ya kuchekesha. Nikazishika mkononi, nikazinusa, nikajiambia, hii nayo si mahindi? Nguruwe anakula ananenepa, mtu atakufa? Nikanunua gunia lake, lile lile lenye picha ya nguruwe, nikaliingiza nyumbani Mama Deo akiwa kisimani, nikalisukuma chini ya kitanda nyuma ya furushi letu la kukimbilia, na tangu siku ile, kabla ya kumpa mke wangu unga wa kupika, nilikuwa ninafunga mlango na kuuchanganya. Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Nilikuwa nimetia kufuli kwenye chumba cha akiba na ufunguo nimeuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria.

Mama Deo alisimama mlangoni na beseni lake akanitazama nikipima kwa mkebe.

"Weye ulionaka wapi mwanaume anapima bunga?"

"Depo."

"Na mwanamuke wa ile depo alikuwa nani?"

Alipokwenda jikoni alirudi upesi, ameuweka unga kwenye kiganja. "Baba Deo, bunga hii iko na magandamaganda."

"Ni mashine," nikasema. "Meno yake imechoka."

Akaenda kumgombeza mwenye mashine (maskini yule mtu alibadilisha meno ya mashine yake kwa ajili ya uongo wangu, na mpaka leo sijamlipa hata soda).

Sasa sikilizeni kilichoniingiza wazimu. Unga niliokuwa nikiupima ulikuwa umeongezwa pumba, na pumba zinavimba, kwa hiyo bugali ulipaswa kuwa mkubwa. Lakini bugali uliokuja mezani ulikuwa mdogo. Nilikuwa ninaupima kwa macho kabla hata ya kunawa mikono, ninazunguka meza, ninainama, Mama Deo ananiuliza kama ninatafuta kitu, ninasema hapana, nilidhani nimeona inzi. Nikala kimya huku kichwa kinafanya hesabu za depo: kimetoka kiasi hiki, kimefika kiasi hiki, katikati kuna mwizi. Na katikati ya mkebe wangu na meza yangu hakukuwa na mtu isipokuwa mke wangu.

Nikaanza kumlinda. Mzee mzima, nimejibanza nyuma ya pazia lililotoboka, ninachungulia jiko la nje. Nikamwona amewasha moto, ametenga sufuria, kisha ameingiza mkono ndani ya unga, ametoa fumba moja, unga wa kujaza kiganja, amelifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka kwenda ua wa jirani yetu Mama Vumilia. Akarudi ncha ya kitenge ikiwa tupu. Kesho yake vilevile. Na siyo yeye peke yake: saa ya kuwasha moto ikifika, kila mama wa avenue yetu alikuwa anapita kwa Mama Vumilia na fundo kwenye kitenge, na kila mmoja anatoka bila fundo, na kila mmoja anasalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama watu wasio na siri wanavyosalimia.

Nikajiuliza, mjane anayeishi na mama yake mkongwe tu, anakula unga wa avenue nzima?

Hapo lazima niwaambie neno moja juu ya Mama Vumilia, na ninalisema kwa uzito. Alikuwa wa upande ule mwingine, siyo wetu. Alikuwa amerudi kwenye kiwanja cha marehemu mume wake wakati wengi wao walikuwa bado wanaogopa kurudi, na mwanawe wa kwanza alichukuliwa na wenye silaha wakati wa vita, akaenda nao porini, na habari yake haikusikika tena. Sisi majirani tulikuwa tunajua habari hiyo, na tulikuwa tunaifanya kama hatuijui, na kila mmoja alikuwa ameiweka mahali ambapo angeweza kuiokota siku akiihitaji. Mimi niliiokota kwa sababu ya fumba la unga. Nikaona yote yamekaa sawa: mtoto yuko porini, porini kuna njaa, mama anakusanya. Na kinachowalisha watu wenye bunduki ni unga wangu!

Nikaenda kwa Lazaro, shefu, yaani mkuu wa avenue yetu, fundi wa viatu. Nilimkuta ameshika kandambili ya mtu katikati ya magoti, anaishona.

"Shefu," nikasema, "mimi sisemi kitu."

"Mtu akianza hivyo, ninaachaka kushona," akasema, akaweka kandambili chini.

"Sisemi kitu. Lakini kwa Mama Vumilia kunaingia bunga mingi, na haitoke moshi ya kuipika."

Lazaro akatazama barabara, akanitazama mimi. "Muzee, neno ya namna hii haitembeake na mikono mitupu. Uko na nini mukononi?"

"Bado."

"Basi ulete," akasema. Nami nikaondoka nikijiona mtu wa maana. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jioni ile ile Lazaro naye alipita kwenye posti, akamwambia luteni kwamba yeye hasemi kitu. Maneno yetu ya wakati ule yalikuwa hivyo, kila mtu hasemi kitu, na kitu kinafika. Na mtu akiingia kwenye posti ile kwa ajili ya neno "porini", kutoka kwake hakukuwa rahisi, na wengine walitoka wakiwa si wale walioingia.

Jumapili mchana wamama wote walikwenda kusali shirika, ule mkutano wa sala wa majirani, mwisho kabisa wa avenue, na Mama Vumilia alikwenda nao, maana yeye ndiye mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Mimi nikasema goti linaniuma. Mama Deo akaniambia nilipake mafuta ya mawese, nikamwuliza kama anajua bei ya mawese, akaondoka akitikisa kichwa. Nilipoanza kusikia wimbo wao kwa mbali, nikainuka na goti langu zima, nikatambaa chini ya uzio pale mbuzi wanapopitia, nikatokea ua wa Mama Vumilia, nikaingia jikoni kwake.

Lilikuwa pale. Pipa la mafuta lililokatwa kichwa, limesuguliwa likang'aa, limefunikwa lungo, ungo wa kupepetea, na juu ya lungo kuna jiwe. Nikaondoa jiwe. Nikaondoa lungo. Ndani ulikuwamo unga, umefika karibu na nusu ya pipa, na haukuwa wa rangi moja: mweupe wa muhogo, wa njano wa mahindi, wa kijivu wa mtama, umekaa tabaka kwa tabaka kama udongo wa kisima kinachochimbwa. Na kati ya tabaka niliona madoa ya kahawia. Nikainama nione vizuri. Pumba zangu! Moyo ukanidunda kwa furaha ya magazinia aliyekamata mwizi, nikainama zaidi, na uzi ukakatika, na miwani ikaniponyoka usoni ikazama ndani ya unga bila hata sauti.

Mwenye akili angefanyaje? Angekwenda kutafuta fimbo, au angekimbia akaja kusingizia chochote. Lakini miwani ile ilikuwa inajulikana Shari nzima, na kununua nyingine sikuweza hata kufikiria (mnaona ugonjwa huo, hata pale ninafikiria bei). Nikaingiza mkono, sikuifikia. Nikaingiza bega. Nikasimama kwa ncha za vidole. Vidole vikaaga ardhi, na mimi mzima, kichwa kikitangulia, nikaingia, mikono imebanwa ubavuni, miguu iko hewani, uso uko ndani ya unga wa avenue nzima.

Nilipiga chafya. Ndani ya pipa chafya haitoki kama chafya, inatoka kama ng'ombe dume. Na nilipopiga ya pili nikasikia mtu nyuma yangu anapaza sauti nyembamba, "Mama wee! Ni nani?" Alikuwa Koko, mama mzazi wa Mama Vumilia, ambaye mimi katika mahesabu yangu yote ya depo nilikuwa nimesahau kwamba hatembei mbali na kwa hiyo haendi shirika. Sikuweza kumjibu, nikifungua mdomo unga unaingia. Nikarusha miguu kumwonyesha kuwa mimi ni mtu wa amani. Koko akaokota mwiko na sufuria.

Ninaapa sijasikia mlio wa kutisha kama ule. Kwanza sufuria yake peke yake. Halafu ya jirani wa kulia. Halafu ng'ambo ya barabara. Halafu wimbo wa shirika ukakatika katikati ya neno, halafu mtaa mzima ukawa sufuria, halafu mtaa wa pili, na mahali fulani askari mmoja akapiga risasi hewani, na mimi, kichwa chini, nikasikia miguu. Siyo miguu ya kuja. Miguu ya kukimbia. Watu walikuwa wanachukua magodoro. Niliwasikia wanawaita watoto kwa majina, mbuzi wanalia, mtu anauliza "Wametokea wapi?" na mwingine anamjibu kwa uhakika kabisa, "Chini kule! Iko wengi!" Wengi, jamani. Walikuwa ni mimi.

Wanaume wenye fimbo walifika jikoni pamoja na askari. Mmoja akalipiga pipa teke likaanguka, likabingirika mpaka uani, nami ndani nikibingirika nalo, kisha wakanishika vifundo vya miguu wakanivuta. Nikasimama. Nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kiunoni, ninakohoa moshi wa unga.

"Muchawi!" akasema mtu.

"Mwizi ya bunga!"

"Si mzungu huyu?"

Wamama wa shirika walikuwa wamefika mbio, na mwisho wao akafika Mama Deo. Hakunitazama uso, ulikuwa hautazamiki. Nilikuwa nimegeuka kujipangusa, na yeye akaona majogoo.

"Ile kiraka," akasema polepole, "ni mimi nilishona."

Wakacheka. Laiti ingeishia hapo, ningekuwa mzee aliyechekwa tu, na kuchekwa hakuui. Lakini luteni, kijana mrefu asiyekuwa wa huku kwetu, hakucheka. Alikuwa anatazama unga uliomwagika uani.

"Bunga hii yote ya nani?"

Wamama wakarudi nyuma hatua moja.

"Yangu," akasema Mama Vumilia. "Inakaaka kwangu."

"Mwanamuke mumoja na koko yake wanakula bunga hii yote?"

Na hapo Lazaro, shefu wetu, kwa heshima zote, akasema, "Mukubwa, si nilikuambia? Muzee huyu ndiye alionaka."

Avenue nzima ikanigeukia. Nimewahi kutazamwa vibaya katika maisha yangu, lakini Mama Vumilia hakunitazama vibaya, alinitazama kama mtu anayesoma neno na kulirudia kuhakikisha. Luteni akamwambia, "Mama, twende posti. Utatuambia mutoto wako iko pori gani."

"Kama ningejua iko pori gani," Mama Vumilia akasema, wala hakupaza sauti, "unafikiri ningemutumia bunga? Ningeenda mwenyewe, nimushike mukono, nimurudishe nyumbani."

Askari mmoja akamshika mkono hata hivyo. Ndipo Mama Deo akasogea mbele.

"Mukubwa, bunga ni ya siye wote. Kila mama, mbele ya kupika, anatoaka fumba moja. Siku ile tulikimbia, tulifika porini na watoto na hatukuwa na kitu ya kuwakorogea, na wengine hatukurudi nao. Siye wenye tulirudi, wa huku na wa kule, tulipatana: hatutakimbia tena na mikono mitupu. Tulichagua kwa Mama Vumilia sababu jiko yake haivuje."

"Na kwa nini mulificha?"

"Tuliwaficha mabwana yetu," akajibu mama mwingine kutoka nyuma. "Wakijua kuna bunga, watauza wakunywe."

Watu wakaguna, wanaume wakatazama chini. Luteni akatikisa kichwa. "Hiyo ni maneno. Kila mutu anaweza kupatana maneno. Nani anaweza kuonyesha kama bunga hii ilitoka kwenu?"

Wamama wakatazamana, na hapo nikagundua jambo ambalo sikulitegemea: hata wao walikuwa wanashukiana. Mmoja akasema kwa hasira, "Tena bunga yenyewe iko na pumba ya nguruwe! Siye tunaleta bunga nzuri, tunakuta pumba. Mama Vumilia, na hiyo utatuambia, ile nzuri iko fasi gani?" Na mwingine akaitikia, "Kweli." Na Mama Deo, mke wangu, akasema, "Kwangu haikutoka pumba. Nililiapa hilo mbele ya Bikira. Bwana yangu anajua bunga, alikuwa magazinia."

Nilimwona Mama Vumilia akitazama upande wa askari, akitazama upande wa wamama, na hakukuwa na upande wa kwenda. Mkono wa askari ulianza kuvuta.

Ningeweza kunyamaza. Ninawaambia kweli, kwanza niliupima unga huo nao: huku mjane, huku jina langu. Halafu nikasema, na sauti ikatoka pamoja na unga:

"Pumba ni yangu."

"Nini?" akauliza luteni.

"Pumba ni yangu. Nilinunua kwa mfuga nguruwe. Ninachanganyaka kila siku, mke wangu hajui. Bunga yenye madoa yote imetoka nyumbani kwangu, na kama imo ndani ya pipa, basi ni kweli wanatoaka fumba. Gunia iko chini ya kitanda, nyuma ya furushi. Mukaangalie. Na maneno niliyompelekea shefu, sikuona kitu. Niliona fundo za vitenge, nikajaza mwenyewe."

Luteni akamtuma askari. Alirudi amelibeba gunia juu ya kichwa, picha ya nguruwe ikiwa imeelekea kwa watu, nguruwe mwekundu anayecheka. Ndipo avenue ikaanguka. Watu walioshika magodoro waliyatupa chini wakayalalia kwa kicheko, na sijui ni nani aliyeanza, lakini nilisikia kwa mara ya kwanza jina langu jipya, "Muzee Pumba! Muzee Pumba!" na hata luteni akageuka upande kuficha meno yake, akamwambia askari amwachie mama, akasema shefu na muzee wafike posti kesho wote wawili (tulifika, na tulifyeka nyasi za posti mpaka mgongo ukasahau kunyooka, na ninasema tulistahili).

Mama Deo hakucheka. Alikuja karibu, akanivua ufunguo shingoni, medali akaniachia.

"Nililiapa," akasema. "Juu yako." Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge chake.

Mama Vumilia alikuwa amechuchumaa, anazoa unga usioguswa na udongo. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, nikaanza, "Mama, unisamehe juu ya pumba."

"Pumba inapepetwaka," akasema bila kuinua kichwa. "Ile neno ulipeleka kwa shefu, nitapepeta na lungo gani?"

Nikaendelea kuzoa.

Wamama walikaa wakanihukumu. Mama Deo asibebe tena fumba la nyumba yetu. Nilibebe mimi, kila siku, siyo kwenye kitenge bali kwenye kiganja kilicho wazi, nipite katikati ya barabara na siyo pale mbuzi wanapopitia, nibishe hodi, niseme nimeleta nini. Na ninafanya hivyo. Mambo mengine ya kubana matumizi tunayaendeleza, madonge ya vumbi la makala, kikapu cha majani ya ndizi, sabuni ya kukausha, na miwani nilikwisha kuitia skrubu. Lakini nimeapa, na mwenye kuapa sasa ni mimi, kwamba sitapima tena kilicho mkononi mwa mke wangu, wala sitakwenda kwa mtu yeyote kumwambia kuwa sisemi kitu. Nyumba yangu ilikuwa na akiba wakati wote, iliyowekwa na watu wanaoaminiana, na mimi mwenye elimu ya depo ndiye niliyekuwa panya wake.

Jioni moto ukiwashwa ninafika kwa Mama Vumilia. Ananipokea vizuri, ananiuliza goti, ananiambia Baba Deo karibu. Kisha anaupokea unga wangu kwenye lungo, anasogea penye mwanga, anaupepeta kidogo, anapuliza, anatazama kama kuna ganda. Hakuna, halijakuwapo tangu siku ile. Anaumimina ndani ya pipa, anarudisha jiwe, ananishukuru. Kesho yake anapepeta tena.

Mimi ninasimama mlangoni ninangoja amalize. Siku atakayoumimina bila kuupepeta, ndipo nitawaita nyote niwapikie.